Mitaa ya udongo ya Agadez na kambi za wapagazi Bagamoyo: nani anaamua historia ipi ibaki?

Mtu wa Bariadi akisikia maneno "urithi wa dunia", wazo la kwanza linalomjia ni tembo. Sababu inaeleweka. Serengeti iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, na vijiji vingi vya mkoa wetu wa Simiyu vimepakana na hifadhi hiyo au na mapori ya akiba yaliyo pembeni yake. Kwa mkulima ambaye shamba lake la mahindi limeingiliwa usiku mmoja kabla ya mavuno, urithi wa dunia ni kitu chenye miguu minne, nacho kinakula.

Lakini orodha hiyo ina miji pia. Ina misikiti, ngome, makaburi, vichochoro na nyumba ambazo watu wanaishi humo mpaka leo. Julai 2025 kamati ya Urithi wa Dunia iliuondoa mji mkongwe wa Ghadames, nchini Libya, kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini, ambako ulikuwa umewekwa tangu mwaka 2016 kwa sababu ya vita na vurugu. Ghadames ni mji wa jangwani. Kwa karne nyingi misafara ya ngamia ilipita hapo ikivuka Sahara.

Jambo hilo linatuhusu nini sisi tunaolima pamba na kufuga ng'ombe huku Usukumani? Linatuhusu zaidi ya tunavyodhani, kwa sababu babu zetu nao walikuwa watu wa misafara. Tofauti ni kwamba huko Sahara alama za watu wa misafara bado zipo na zinalindwa. Za kwetu karibu zote zimefutika, na zilizobaki ziko mbioni kufutika.

Agadez: kambi iliyogeuka mji

Ili kuelewa tofauti hiyo, tuanze na mji mwingine wa jangwani, Agadez, ulioko kaskazini mwa Niger. Wenyeji wake wakuu ni Watuareg, watu wanaozungumza lugha ya jamii ya Kiberber. Wanaume wao hujulikana kwa kilemba kirefu kinachofunika kichwa na uso. Kwa muda mrefu waliishi kwa kufuga ngamia na mbuzi na kwa kuongoza misafara. Walijua visima viko wapi, na jangwani anayejua kisima ndiye mwenye njia. Misafara ya chumvi kutoka Bilma ilivuka mchanga kwa siku nyingi hadi Agadez, na kutoka hapo chumvi iliendelea kusini kubadilishwa na mtama na uwele.

Katika karne ya 15 na ya 16, ulipoanzishwa usultani wa Aïr, koo za Watuareg zilianza kukaa mjini. Kila ukoo ulijenga pale ulipokuwa umepiga kambi, na mipaka ya kambi ikawa mipaka ya mitaa. Ndiyo maana mitaa 11 ya mji huo mkongwe haikunyooka. Vichochoro vinapinda na kuzunguka kwa sababu vinafuata mahali hema zilipokuwa zimesimama zaidi ya miaka 500 iliyopita. Hakuna mpima viwanja aliyepita hapo kwanza.

Jambo la pili ni la kumgusa kila mtu wa kijijini. Agadez imejengwa kwa udongo: nyumba, jumba la sultani, hata msikiti mkuu. Mnara wa msikiti huo una urefu wa mita 27, wote ni tofali za udongo usiochomwa, na UNESCO inasema hakuna mnara wa namna hiyo ulio mrefu zaidi duniani. Mbao zinazochomoza ubavuni mwake hutumika kama ngazi, kwa sababu mnara wa udongo lazima upandwe na kusiribwa upya mara kwa mara. Mvua ikiulamba, mafundi wanapanda na udongo mwingine.

Mwaka 2013 mji huo mkongwe uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia. Nyumba za udongo, za aina ambayo huku kwetu tunaiona kama dalili ya umaskini, zikawekwa orodha moja na makanisa makubwa ya Ulaya na piramidi za Misri.

Bagamoyo: mji uliojengwa na migongo ya watu wa bara

Sasa turudi nyumbani. Sahara walikuwa na ngamia. Njia yetu ya kati, kutoka Ujiji na Tabora hadi pwani, ilipita kwenye mbung'o, na mbung'o huua ng'ombe, punda na farasi. Mzigo ukabebwa na mtu.

Katika karne ya 19 waliobeba zaidi walikuwa Wanyamwezi na ndugu zao Wasukuma. Mzigo mmoja ulikuwa karibu frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, bila kuhesabu mkeka, chungu na chakula cha mpagazi mwenyewe. Kwenda pwani zilibebwa pembe za ndovu. Kurudi bara zilikuja nguo za merikani na kaniki, shanga, waya wa shaba na bunduki. Kutoka Tabora hadi Bagamoyo, misafara mingi ilitumia karibu miezi mitatu.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vingi vya shule huliruka. Katika njia hiyo walipita watumwa, na ukatili waliofanyiwa haupaswi kupunguzwa hata kidogo. Lakini wapagazi wengi wa Kinyamwezi na Kisukuma walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Mwanahistoria Stephen Rockel, ambaye kitabu chake kuhusu wapagazi wa Afrika Mashariki kilitoka mwaka 2006, anawaeleza kuwa wafanyakazi wenye ustadi, wenye desturi za kazi yao, waliojadiliana malipo na waliojua kugoma au kutoroka msafara pale walipodhulumiwa. Kijana aliyekwenda pwani na kurudi alihesabiwa kuwa mtu mzima. Aliporudi na nguo na majembe, alibadilisha mali hiyo kwa ng'ombe, akaoa.

Hata jina la Bagamoyo linasimuliwa kwa namna mbili. Wapo wanaosema ni kilio cha mtumwa: bwaga moyo, acha matumaini, ukivuka bahari hutarudi. Wapo wanaosema ni pumzi ya mpagazi: bwaga moyo, tua mzigo, umefika. Huenda zote mbili zilisemwa, kila moja na mtu wake, katika mji uleule.

Wapagazi walipofika walikuwa maelfu, na katika msimu wa misafara mji ulifurika. Walilala wapi? Walijijengea vibanda na kambi pembeni mwa mji, wakasubiri wiki au miezi hadi wapate mzigo wa kurudi nao. Walipika, walicheza ngoma, waliuguzana, na walizikana hukohuko. Wengine hawakurudi tena.

Sasa nenda Bagamoyo leo. Utaoneshwa Ngome Kongwe. Utaoneshwa boma la Wajerumani, waliofanya mji huo makao yao makuu ya kwanza kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891. Utaoneshwa misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, ambako mwili wa David Livingstone ulipumzishwa mwaka 1874 baada ya kubebwa kutoka eneo ambalo leo ni Zambia. Utapita mbele ya nyumba za mawe za wafanyabiashara wa Kihindi, na utasikia jina la Sewa Haji, tajiri aliyetafutia misafara wapagazi na bidhaa. Lipo pia jengo la Caravan Serai, linalokumbusha biashara ya misafara.

Lakini zile kambi zenyewe, mahali mtu wa Unyamwezi na Usukuma alipotua mzigo wake, hazipo. Zilikuwa za miti na nyasi. Hakuna kichochoro kinachopinda kwa kuzifuata.

Kwa nini huko zimebaki na huku zimepotea?

Sababu ya kwanza ni kukaa na kupita. Watuareg wa Agadez waligeuza kambi kuwa makazi, wakawa na sultani wao palepale. Mpagazi wetu alikuwa mgeni Bagamoyo. Kwake ni bara, na moyo wake ulikuwa kwenye ng'ombe atakaonunua akirudi.

Sababu ya pili ni reli. Ujenzi wa reli ya kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Treni moja ilibeba mizigo ya maelfu ya wapagazi kwa muda mfupi sana. Reli haikupita Bagamoyo. Ndani ya miaka michache, mji uliokuwa mlango wa bara ukawa mji wa pembeni.

Agadez nayo ilipigwa na malori na barabara, lakini ilibaki kwenye njia. Hata katika miaka ya karibuni imekuwa kituo kikubwa cha wahamiaji wanaoelekea Libya na Ulaya. Mwaka 2015 Niger ilitunga sheria ya kuwaadhibu wanaosafirisha wahamiaji, na Novemba 2023 utawala wa kijeshi ukaifuta. Wajukuu wa waongoza ngamia ndio madereva wa leo, na nyumba za udongo bado zina watu wa kuzisiriba.

Sababu ya tatu ni sheria, na hii inatugusa moja kwa moja. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. La baada ya hapo linaweza kulindwa, ila mpaka waziri alitangaze rasmi. Kwa pwani mwaka huo una maana, kwa sababu nyumba ya mawe na chokaa inaweza kusimama miaka 200. Kwetu, nyumba ya msonge ya miti na nyasi husimama muda wa kizazi kimoja, kisha hujengwa nyingine. Huwezi kupata Bariadi nyumba ya msonge ya kabla ya 1863. Sheria haikuandikwa kumdharau Msukuma, lakini kipimo chake ni umri wa jengo, na kipimo hicho kinaona jiwe kuliko udongo.

Matokeo yake tunayaona kwenye orodha. Tanzania ina maeneo saba ya Urithi wa Dunia. Manne ni Ngorongoro, Serengeti, Selous na Kilimanjaro, ambayo watu huyajua zaidi kwa wanyama na mlima. Matatu yaliyobaki ni magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, Mji Mkongwe wa Zanzibar, na michoro ya miambani ya Kondoa. Njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, imo tu kwenye orodha ya mapendekezo tangu mwaka 2006, kwa jina la njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Hata jina hilo linamtaja mtumwa na pembe. Mpagazi hamo.

Je, kuorodheshwa ndiyo dawa?

Hapana, si peke yake. Msikilizaji wa Meatu au Itilima hahitaji kuambiwa kwamba ulinzi una gharama, na kwamba gharama hiyo mara nyingi humwangukia jirani wa hifadhi. Anajua kusubiri kifuta jasho baada ya tembo kula shamba. Anajua kwamba fedha za mtalii na hasara ya mkulima haziandikwi kwenye daftari moja.

Miji mikongwe ina matatizo yanayofanana. Mtu anayeishi katika nyumba iliyolindwa haruhusiwi kuweka bati au dirisha apendavyo. Chokaa, mbao na fundi anayejua kazi ya zamani ni ghali kuliko saruji. Mwenye kipato kidogo huiacha nyumba ichakae, au huiuza kwa mwenye hoteli. Huko Ghadames familia nyingi zilihamia nyumba mpya zilizojengwa na serikali nje ya mji mkongwe, na kazi kubwa imekuwa kuwafanya wenyewe waendelee kuzitunza nyumba za wazee wao.

Jina kubwa nalo halishikilii ukuta. Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba maarufu kuliko yote katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ilianguka wakati likifanyiwa matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba hilo la mwaka 1883 lilikuwa ndani ya eneo la Urithi wa Dunia kwa miaka 20.

Kinachookoa mji ni mikono ya wenyeji. Timbuktu, nchini Mali, ni mfano mzuri. Mwaka 2012 wapiganaji waliouteka mji huo waliyabomoa makaburi ya mawalii yaliyojengwa kwa udongo. Vita vilipopoa, mafundi wa hapohapo Timbuktu waliyajenga upya, na kufikia 2015 kazi ilikuwa imekamilika. Mwaka 2016 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu mmoja wa waliohusika, Ahmad al-Faqi al-Mahdi, kifungo cha miaka tisa. Mahakama ilitoa adhabu, na ujuzi wa mafundi ndio uliorudisha makaburi.

Kwetu Simiyu kuna nini cha kupoteza?

Mkoa wetu ni mchanga. Ulianzishwa mwaka 2012, na Bariadi ikawa makao makuu. Tangu hapo mji unapanuka, viwanja vinapimwa, barabara zinafunguliwa. Hayo ni maendeleo na watu wanayahitaji. Hata hivyo, kila upimaji una swali ndani yake: kitu kisicho na karatasi kitaonekana kwenye ramani?

Maeneo yalipokuwa makao ya watemi mara nyingi hayana karatasi. Utawala wa machifu ulifutwa kisheria mwaka 1963, na pale ambapo ikulu ya mtemi ilikuwa ya miti na udongo, baada ya miaka 60 pengine kimebaki kichuguu, mti mkubwa na maneno ya mzee mmoja. Hali ni hiyohiyo kwa makaburi ya zamani, miamba ya matambiko, visima vya zamani na njia walizopita waliokwenda pwani. Greda halijui historia. Likipita asubuhi, jioni hakuna ushahidi.

Reli nayo inarudi kwenye hadithi. Njia ya Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, ilipita Malampaka wilayani Maswa. Sasa reli ya kisasa inajengwa ukanda huohuo. Tumeona reli ilivyoupandisha mji mmoja na kuushusha mwingine. Wakati wa kuandika kilichopo ni kabla mji haujakua.

Hapa tusijidharau. Usukuma una desturi yake ya kuhifadhi, na imeshafanya kazi ambayo dunia iliiona. Ni ngitili. Wazee walitenga malisho, wakayafunga wakati wa masika ili ng'ombe wapate majani wakati wa kiangazi. Ardhi ilipochakaa, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliofanya kazi kati ya mwaka 1986 na 2004, uliifufua desturi hiyo. Wakati ule Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa bado ndani ya mkoa wa Shinyanga. Mamia ya maelfu ya hekta za miti na nyasi zilirudi, na mwaka 2002 kazi hiyo ikapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Ngitili haikulindwa kwa ukuta. Ililindwa na makubaliano ya dagashida, na aliyeyavunja alitozwa.

Kama tuliweza kutenga eneo kwa ajili ya majani, tunaweza kutenga eneo kwa ajili ya kumbukumbu.

Kijiji kinaweza kufanya nini bila kusubiri waziri?

Kwanza, kurekodi. Simu uliyoshika inatosha. Mkalishe mzee, muulize kwa Kisukuma, mwache aseme majina: makao ya mtemi yalikuwa wapi, nani alikwenda pwani, alirudi na nini. Taja tarehe na mahali mwanzoni mwa rekodi. Weka nakala sehemu mbili, kwa sababu simu huibiwa na kadi huharibika. Muombe mzee ruhusa kabla ya kuisambaza.

Pili, kuweka kwenye ramani ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 zinakipa kijiji nafasi ya kupanga matumizi ya ardhi yake. Mpango huo unapoandaliwa, mkutano mkuu wa kijiji unaweza kutaka eneo la kaburi, mti au makao ya zamani litengwe kama linavyotengwa eneo la malisho au la shule. Likishaandikwa humo, anayetaka kulichukua atalazimika kuuliza kwanza.

Tatu, sheria ndogo. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo na kuipeleka halmashauri kuidhinishwa. Inaweza kusema nani haruhusiwi kukata mti gani, na faini ni kiasi gani.

Nne, kwa waishio mjini Bariadi, ambako hakuna serikali ya kijiji, pa kuanzia ni mkutano wa mtaa na diwani, kabla mchoro wa mipango miji haujakamilika. Baada ya hati kutolewa, malalamiko huwa marefu na ushindi mfupi.

Tano, na hili ni la walimu: hadithi ya mpagazi iingie darasani. Mtoto wa Nyakabindi akifundishwa kwamba wakubwa wa safari zile walikuwa Livingstone na Stanley peke yao, atajuaje kwamba bila migongo ya watu kama babu zake, hakuna hata mmoja wao angefika popote?

Watuareg wa Agadez hawana mawe mengi kutuzidi, wala mvua kidogo si sababu pekee ya nyumba zao kusimama. Kila mwaka mtu anapanda ukutani na ndoo ya udongo. Siku ataacha kupanda, hata cheti cha UNESCO hakitamzuia mchwa. Huku kwetu udongo upo, ndoo zipo, na wazee wachache bado wapo. Hao wazee ndio watakaotangulia kuisha.